Jina la kwenye boksi halishushi presha

Mama yangu ana presha, nami nimeirithi. Yeye yuko nyumbani, mimi niko Marekani, na sote tunameza amlodipine kila asubuhi. Kwa miaka mingi yake ilikuwa Norvasc, jina la biashara la dawa hiyohiyo, yangu haina jina lingine zaidi ya hilo la dawa yenyewe. Niliona fahari kumtumia hela za kununua "orijino". Niliamini ndiyo heshima anayostahili mzazi.

Mwaka jana nikamwomba aelekeze kamera ya simu kwenye dawa zake nione zimebaki ngapi. Pakiti iliyotakiwa kuwa imekwisha wiki mbili nyuma ilikuwa bado na vidonge nane. Vingine alivikata nusu kwa kisu, kingo zimemeguka, unga mweupe umebaki kwenye karatasi.

"Nazibana, mwanangu, zisiishe kabla hujatuma tena."

Presha yake siku hiyo ilikuwa 170 kwa 100. Dawa ya bei kubwa inayomezwa nusu haimtibu mtu.

Mimi mwenyewe, mara ya kwanza nilipopeleka cheti cha daktari famasia huku, nilipewa kichupa cha plastiki chenye jina langu na jina la dawa, basi. Nikadhani nimepunjwa kwa ugeni wangu. Kumbe ndivyo wanavyopewa karibu wote: takriban vyeti tisa kati ya kumi huku hutolewa kwa dawa jeneriki, yaani yenye kiambato kilekile na kipimo kilekile, iliyotengenezwa na kiwanda kingine baada ya hataza ya mgunduzi, yaani haki yake ya kuiuza peke yake, kuisha. Sheria ya huku ya mwaka 1984 ilimwondolea mtengenezaji wa jeneriki mzigo wa kurudia majaribio makubwa kwa wagonjwa. Anachotakiwa kuthibitisha ni kwamba dawa yake inaingia kwenye damu kwa kiasi na kasi inayolingana na ile ya kwanza. Hapo ndipo bei inaposhuka. FDA, mamlaka ya dawa ya huku, iliwahi kupitia tafiti 2,070 za namna hiyo, ikakuta tofauti ya wastani ya kiasi kinachoingia mwilini ni kama asilimia 3.5.

Nyumbani tunasema rahisi ni ghali, na siibezi hofu hiyo. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, dawa moja kati ya kumi ni bandia au ya kiwango duni. Lakini tujiulize, mghushi anaghushi nini? Boksi la jina kubwa, lenye wateja wanaoliamini na kulipa bila kuuliza, linamvutia kuliko lolote. Jina peke yake halimlindi mama dhidi ya mghushi. Mimi huku nalindwa na wakaguzi wanaoingia kiwandani, na kumbukumbu za dawa ilikotoka hadi kumfikia mfamasia. Hiyo ndiyo tofauti kubwa ninayoiona kati ya huku na kwetu, na ndiyo tungepaswa kuipigia kelele.

Wala hatuwezi kusema jeneriki ni dawa za maskini zisizoponya. Mwaka 2001, matibabu ya UKIMWI ya dawa tatu yalipokuwa yakigharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka, kampuni ya Cipla ya India ilijitolea kuyauza kwa dola 350. Kuna watu wangapi tunaokaa nao mezani leo ambao wangekuwa makaburini?

Zipo dawa zinazohitaji uangalifu. Warfarin (ya kuzuia damu kuganda), levothyroxine (ya tezi ya shingo) na phenytoin (ya kifafa) zina nafasi ndogo kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru, kwa hiyo usirukeruke kutoka kiwanda kimoja hadi kingine bila daktari kujua. Viambato vya kujazia, kama rangi na laktosi (sukari ya maziwa), navyo hutofautiana, na wako wanaodhurika navyo.

Kwa amlodipine ya mama, daktari wake hakuona tatizo lolote. Sasa ananunua jeneriki iliyosajiliwa, kwenye duka lilelile kila mwezi, kwa mfamasia anayemfahamu. Mwanzoni alisita: za zamani zilikuwa na pembe, hizi ni duara. Nikamweleza kuwa sheria za alama za biashara mara nyingi humzuia mtengenezaji mwingine kuiga umbo na rangi. Juzi alielekeza kamera mwenyewe, sikumwomba. Vidonge vyote vizima, idadi imetimia.