Glasi za Wageni

Jamani, kwangu siku hizi kunywa maji ni shughuli. Ukiomba glasi unaulizwa kwanza: "Ya kawaida au ya wageni?" Ya wageni ndiyo hiyo iliyopakwa chokoleti mdomoni. Mama Rukia kaiona kwenye simu, basi tumekwisha.

Glasi inalazwa kwenye friza mpaka itoe moshi. Chokoleti inawekwa bakulini, bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, iyeyuke polepole. Halafu glasi inachovywa kichwa chini, mdomo tu, inanyunyiziwa karanga za kusaga, inarudi kwenye friza. Hapo kiu yangu imeshaondoka yenyewe.

Na usipite karibu na mikono mibichi! Mie nilipita nimetoka kunawa, tone moja likadondokea bakulini. Tone moja! Chokoleti ikagoma papo hapo, ikawa mabonge kama udongo wa kufinyangia chungu. Nimempotezea mke wangu simu mbili, hajawahi kunitazama vile.

Kakao yenyewe inalimwa Kyela hapo. Inapanda meli, inarudi imevaa karatasi ya kung'aa kwa bei ya kilo ya nyama, nasi tunaipaka kwenye glasi. Nyama hatujapaka bado.

Sasa nisikilizeni. Mafuta ya kakao yanayeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, ndiyo maana chokoleti ikiingia mdomoni inalainika. Na sebule yangu ya Mbagala, bati juu, mwezi wa pili, haina tofauti na mdomo wa mtu.

Ijumaa kaja baba mkwe. Kanzu nyeupe pee, masharubu meupe. Akaletewa juisi ya ukwaju (ukwaju na chokoleti, nani kawaoza hawa?) kwenye glasi ya wageni. Umeme ukakatika, feni ikasimama, na mzee ana hadithi ndefu, glasi mkononi. Alipokuja kunywa, masharubu yakawa meusi kama ya kijana wa miaka 20. Tone likashuka taratibu mpaka kifuani.

Tukakutana jikoni.

"Mwambie wewe, mwanaume mwenzio."

"Baba yako yule! Mimi nimwambie mkwe ajifute mdomo?"

Tulipotoka, mzee keshavaa kofia, anawahi alasiri. Nikajipa moyo: atatawadha, ya usoni itatoka. Ya kwenye kanzu je? Nikamsindikiza kwa macho. Vijana wa kijiweni, wanaosalimia kwa kuchagua, siku hiyo walisimama wote: "Shikamoo mzee!" Mzee kaitikia kwa furaha, kifua mbele.

Saa mbili usiku simu ikaita: Baba Mkwe. Mama Rukia akanitazama, nami nikamtazama. Tukiwa bado tunatazamana, Rukia kapokea.

"Shikamoo babu! Eti, ulilamba glasi yote?"