Kusugua benchi na kukata tamaa ni vitu viwili

Mchezaji akikaa benchi bila kununa, hukumu huja upesi: huyo kesharidhika, hana njaa tena. Inaniuma, maana wanaohukumu hivyo wanachanganya kukubali nafasi na kuipenda. Mtu anaweza kulala na uchungu wa kukosa namba, na alfajiri akawa wa kwanza mazoezini.

Mchezaji wa kikapu Andre Iguodala alipomaliza msimu wake wa kumi NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, mwaka 2014, alikuwa amecheza mechi 758 za msimu wa kawaida, na zote 758 alianza. Naomba tukae kidogo na namba hiyo. Miaka kumi hakujua kuvaa jezi kisha kuketi akimtazama mwenzake akianza. Steve Kerr, kocha mpya wa timu yake, Golden State Warriors, akamwomba aingie akitokea benchi. Msimu uliofuata alicheza mechi 77 na hakuanza hata moja: kutoka 758 hadi sifuri. Juni 2015, kwenye mfululizo wa mechi za fainali, timu ikiwa nyuma kwa mechi mbili kwa moja dhidi ya Cleveland Cavaliers, Kerr akamwanzisha mechi ya nne. Warriors walishinda tatu mfululizo, na Iguodala, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kumkaba LeBron James, nyota wa Cavaliers, akatangazwa mchezaji bora wa fainali. Aliyekata tamaa Oktoba, msimu unapoanza, hawezi kuwa na miguu ile Juni.

Wanaopinga wana hoja, na haifai kuipuuza. Maisha ya uwanjani ni mafupi, dakika za kucheza ndizo zinazoleta mkataba, na "timu kwanza" huwa neno jepesi kinywani mwa asiyekaa benchi. Mwaka 1994 Scottie Pippen aliibeba Chicago Bulls baada ya Michael Jordan kustaafu. Katika mechi ya mchujo dhidi ya New York Knicks, zikiwa zimebaki sekunde 1.8, kocha Phil Jackson alimpangia Toni Kukoč mtupo wa mwisho, Pippen awe wa kuingiza mpira tu. Pippen akagoma kurudi uwanjani. Uchungu wake naufahamu. Lakini Kukoč alifunga, Bulls wakashinda 104 kwa 102, na nyota wao alikuwa ameketi.

Lawama yangu kubwa iko kwa makocha. Watafiti Mark Eys na Albert Carron waliochunguza wachezaji wa kikapu waliligawa suala la kuelewa jukumu katika sehemu nne: mipaka yake, namna ya kulitekeleza, utakavyopimwa, na kitakachotokea ukishindwa. Wachezaji wangapi wameelezwa hata mbili kati ya hizo? Wengi husoma majina ukutani, basi.

Robo fainali ya Kombe la Dunia 2014, Uholanzi na Costa Rica, dakika ya 120. Kocha wa Uholanzi, Louis van Gaal, anamtoa kipa Jasper Cillessen na kumwingiza Tim Krul kwa ajili ya penalti. Krul alikuwa ameambiwa mapema kwamba huenda akahitajika. Akaokoa mbili, Uholanzi ikapita. Cillessen hakuambiwa chochote, eti asivurugike akili. Alipotoka aliipiga chupa teke, na kwa teke lile simlaumu hata kidogo.