Tone Lililomfuata Mama Mkwe

Tone la kwanza lilimwangukia mama mkwe katikati ya paji la uso, saa nane usiku, mvua ikiwa imeshika kasi. Hakupiga kelele. Aliwasha taa ya kitandani, akajifuta kwa ncha ya shuka, akasema kwa sauti ile ya upole ambayo kila aliyeoa anajua maana yake: "Baba, nyumba yako inanililia."

Nyumba yenyewe ni trela. Lile la kusafiria, lenye vitanda, sinki na choo ambacho ukikaa magoti yanagonga mlango. Tulilinunua kuukuu kwa mtu aliyetuapia kwamba halijawahi kuvuja hata siku moja. Nikamwamini, ingawa kona moja ya dari ilikuwa na rangi mpya na kona nyingine tatu zilikuwa na rangi ya tangu enzi. Siku hizi nikiingia kwenye trela la mtu, kabla sijasalimia nimeshatazama kona za dari, na mkono uko ukutani chini ya dirisha, dole gumba linabonyeza. Ukuta ukibonyea kama godoro, ujue mbao za ndani zimeshaoza. Muage mwenye mali uende zako. Siku ya kununua nilibonyeza kitu kimoja tu, nacho ni honi ya gari lililolikokota kutoka pale.

Asubuhi nikapima: kutoka ukuta wa mbele hadi juu ya mto wa mama mkwe, hatua moja fupi. Ngazi yangu haikufika paani, kwa hiyo nikateremsha pua ya trela kwa jeki ya mbele, nikapanda, nikatambaa kwa magoti hadi mahali penyewe, nikamimina silikoni. Chupa nzima. Nikailainisha kwa kidole, nikashuka, nikaipandisha pua tena kwa kukisia kwa jicho.

Sasa, paa la trela letu ni la mpira, na silikoni na mpira wa aina ile hawapikiki chungu kimoja. Inakaa juu yake siku mbili tatu halafu inaanza kubanduka kingo. Baya zaidi, ikishakauka, hata gundi halali ya paa haishiki juu yake. Haya yote yalikuwa yameandikwa kwenye chupa, upande ule niliokuwa nimeushika.

Mvua ya pili, tone likahamia kifuani. Nikateremsha jeki, nikapanda, chupa ya pili, nikapandisha jeki. Mvua ya tatu, likahamia magotini. Kufikia chupa ya 4 paa lilikuwa na mabaka meupe kama limelaliwa na kunguru wa ukoo mzima, na mama mkwe alikuwa akidondokewa kwenye vidole vya miguu.

"Baba watoto," mke wangu akaniambia, "wewe huzibi. Unalifukuza tu."

Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo mbinu yenyewe. Tulilikuta kichwani, sasa liko miguuni. Likifukuzwa mara mbili zaidi litatoka mlangoni lenyewe.

Hapo ndipo nikayageukia madirisha. Nilikuwa nalizunguka trela kwa nje, mikono nyuma, kama fundi mkuu, nikaona chini ya fremu ya dirisha vitundu viwili. Nikaenda dirisha la pili: viwili. Madirisha yote 6, kila moja viwili. Nilishika kichwa. Vitundu 12 vya wazi kabisa, na mimi nahangaika paani! Nikachukua bunduki ya silikoni, nikaviziba kimoja baada ya kingine, kwa upendo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema lolote kuhusu mtu anayeziba kila anachokiona.

Vile vitundu ni vya kutolea maji. Dirisha la trela halizuii kila tone. Maji kidogo hupenya na kuingia kwenye reli ambamo kioo huteleza, halafu hutoka nje kwa vitundu hivyo. Ndivyo lilivyotengenezwa. Mvua ya tano iliponyesha, reli zikajaa, yakawa mahodhi 6 yaliyopangwa ukutani, kisha yote yakafurika kwa ndani, kwenye viti. Kabla sijaanza ufundi tulikuwa tukivuja mahali pamoja. Sasa tulikuwa na chemchemi saba.

Mke wangu akasimama mbele ya hodhi moja, akatia kidole ndani, maji yakafika kwenye pete. "Haya maji zamani yalikuwa yanapitia wapi?" akauliza. Nilisema nakwenda kutafuta sindano ya kushonea magunia, na kweli nilikwenda. Jioni ile nilitoa vizibo 11 vya silikoni iliyokauka, nikaviweka kwenye kopo kama meno ya mtoto.

Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, akaja na wazo la kulimwagia trela maji kwa mpira huku mimi nikiangalia ndani. Wazo si baya. Lina masharti yake: unaanza chini, unapanda pole pole, kila kiungo unakipa dakika zake, ili maji yakionekana ndani ujue ni kiungo gani kimeyaleta. Ukianza juu, kila kitu kinalowa kwa pamoja na hujui lolote. Tukakubaliana pia ishara, kwa kuwa humo ndani husikii kitu: nikigonga ukuta mara moja, acha, mara mbili, endelea.

Shemeji alianza juu. Mimi nilikuwa nimesimama chini ya kidirisha cha paa, tochi mkononi, nimeangalia juu, mdomo wazi kama afanyavyo kila mtu anayeangalia juu. Kidirisha kilikuwa wazi pia, maana joto lilikuwa kali. Maji yaliponifika nikagonga ukuta. Lakini mtu anayezama hagongi mara moja. Nikagonga mara nyingi sana, na shemeji, ambaye ni mtu mwaminifu, akaendelea, akaendelea, akaendelea.

Nilipotoka nje nikidondoka, mama mkwe alikuwa ameketi kivulini na sufuria yake mapajani, ile aliyokuwa akikingia maji kila usiku.

"Mwanangu," akasema, "kabla hujazama tena, njoo nikuonyeshe kitu."

Sakafuni, ubavuni mwa kitanda chake, palikuwa na alama 4 za chaki zimepangwa mstari, kila moja mahali sufuria ilipokaa usiku wa mvua. Kisha akanipeleka mbele, kwenye jeki. Kwenye mguu wa jeki palikuwa na alama 4 pia. Kila nilipoteremsha pua na kuipandisha tena kwa kukisia, nilikuwa naizidisha kidogo. Trela lilikuwa linainua pua kidogo kidogo kama mtu anayenusa harufu, na maji yalikuwa yakiteremka juu ya dari kuelekea nyuma, yakitafuta tundu la skrubu la kudondokea. Silikoni haikufukuza chochote. Jeki ndiyo iliyokuwa ikilitembeza tone.

"Kwa hiyo yanaanzia mbele," akasema mama mkwe. "Huko paani ulikuwa unatafuta nini?"

Kesho yake tukafanya jaribio ambalo ningelifanya siku ya kwanza kama ningekuwa na akili. Tukafunga madirisha na matundu yote, tukatega blowa kwenye dirisha moja na kuzungushia kadibodi na selotepu, ikawa inapulizia hewa ndani taratibu. Si kwa nguvu. Hutaki kupasua kitu, unataka trela livimbe pumzi kidogo tu. Halafu kwa nje nikapita na sifongo yenye maji ya sabuni, kiungo kwa kiungo. Paani kwenye viungo, kimya. Kwenye madirisha, kimya. Nikafika ukuta wa mbele, juu kabisa, kwenye safu ya zile taa ndogo za kuonyesha upana wa gari usiku. Taa ya kwanza kimya. Ya pili, ukingoni mwake, kapovu kamoja kakachomoza, kakavimba kama shavu la mpiga tarumbeta, kakapasuka. Kakaja kengine. Nilikaangalia kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mzima. Ukuta wa mbele! Chupa 4 nilikuwa nimezimimina nyuma ya mgongo wake.

Nikaitoa ile taa. Mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka, skrubu imeota kutu, na ubao nyuma yake ni mweusi. Tukapaacha pakauke siku kadhaa na feni, nikakwangua gundi ya zamani, nikaweka utepe wa butili, ule unaonata kama ulimbo, nikakaza skrubu mpya, nikazungushia gundi juu na pembeni. Chini nikaacha wazi, ili maji yakijipenyeza yapate pa kutokea. Hilo nilikuwa nimeshafundishwa na madirisha.

Kazi yote, ukiondoa kusubiri pakauke, ilichukua nusu saa. Kubandua silikoni yangu paani kwa kikwangulio cha plastiki, ili nipake gundi inayostahili, kulichukua wikiendi tatu. Shemeji alikuja kusaidia wikiendi moja na tulizungumza kwa heshima.

Mvua iliyofuata ilikuwa kubwa kweli. Tuliketi wote ndani, taa imewaka, kila mtu anaangalia dari. Trela limesawazishwa kwa pima maji, blanketi la mama mkwe kavu, sufuria sakafuni haina hata tone. Saa nzima ikapita. Mke wangu akanitazama, akatabasamu kidogo, na mimi nikaanza kueleza jinsi nilivyotambua mapema kabisa kwamba tatizo liko mbele.

Mama mkwe, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha dirishani, kikombe mkononi, akainuka taratibu. Akajipapasa nyuma. Akakiangalia kiti, akaniangalia mimi.

"Baba," akasema, "vile vitundu vilikuwa vingapi?"

Nikachukua sindano, nikatoka nje kwenye mvua.