Nimelala Gesti Mara Kumi na Moja

Aliyeniponza ni mpwa wangu. Alikuja kibandani kwangu Mbagala, pale ninapotoa fotokopi na kuchapa barua, akanikuta nimekodolea macho barabara nikisubiri wateja. Akasema, "Mjomba, ngoja nikuwekee gemu ya wazee. Haina papara. Unapiga wewe, anapiga yeye, zamu kwa zamu kama bao."

Hilo neno bao ndilo lililonimaliza.

Gemu lenyewe ni Dragon Quest. Wajapani walilitoa 1986, Marekani likafika 1989 wakaliita Dragon Warrior, na hilo la Kimarekani ndilo lililoingia kwenye kompyuta yangu ya mtumba. Kiingereza chake ni cha Biblia za wamisionari, thee na thou kila mstari. Mimi hiki cha barua za kuomba kazi chenyewe nabahatisha.

Unaanza mbele ya mfalme. Binti yake katekwa, mpira wa nuru umeibwa, nchi imejaa madudu, na kwa hekima zake amekuchagua wewe, peke yako, ukayamalize. Sawa, nikatafuta bajeti iko wapi. Masanduku matatu: sarafu 120, mwenge mmoja, ufunguo mmoja. Na ufunguo ni wa kufungulia chumba hichohicho alichokufungia!

Kutoka nako ni kazi. Nikafika kwenye ngazi, nikasimama juu yake, hakuna kitu. Nikaenda mbele, nikarudi nyuma, wapi. Kumbe ngazi za gemu hili hazishukwi kwa miguu. Unafungua orodha, unatafuta neno ngazi, unalibonyeza, ndipo unaruhusiwa kushuka. Mlango hivyohivyo. Kuokota sanduku hivyohivyo. Nimezoea ofisi za namna hiyo, ila sikutegemea kuzikuta kwa joka.

Mjini upanga wa shaba ni 180. Umetumwa vitani na posho haifiki bei ya upanga! Na wewe hapo huna hata nguo mwilini, nguo ni 20. Kwa hiyo anayeanza leo anisikilize: rungu 60, nguo 20, dawa moja ya majani 24. Inabaki 16, na gesti ya mji ule ni 6 kwa usiku. Usitake makuu.

Ukishatoka nje, zunguka karibu na ukuta. Pale kuna slaimu, lidudu kama kitunguu kinachocheka, lilichorwa na Akira Toriyama, yule mchoraji wa katuni za Dragon Ball. Lina uhai 3 tu. Ukiliua unapata pointi 1. Ukifikisha pointi 7 unapanda kiwango cha pili. Ndiyo, vitunguu saba. Mpwa wangu anasema watu hukata tamaa hapo, wanataka kukimbilia mapangoni. Mimi sikukata tamaa. Mtu aliyesubiri namba ya kitambulisho miaka miwili unamtishia na vitunguu saba?

Nilipokosea ni darajani. Hakuna aliyeniambia kwamba ukivuka daraja madudu yanabadilika, ya ng'ambo ni makubwa kuliko ya huku. Nikavuka nikipiga mluzi. Nikakutana na kitu kama nge, kikanifanya nilivyofanywa. Unazinduka mbele ya mfalme, anakusimanga kwa kile Kiingereza chake, na nusu ya pesa zako hazipo. Pointi anakuachia, pesa anakata nusu. Nilikuwa na 170 za upanga, zimebaki 85. Tangu siku hiyo sitembei na hela: nikipata nanunua kitu, hata kama ni mwenge wa sarafu 8 nisiouhitaji. Mke wangu angeniona navyobana kule, na hapa kibandani nakopesha fotokopi.

Uzuri wake ni mmoja, adui anasubiri. Mteja anakuja, "Mzee, nakala mbili mbele na nyuma," naacha joka limeachama, nachapa, napokea mia nne, narudi, bado limeachama. Lina adabu kuliko wateja wengine.

Ubaya wake ni kuhifadhi ulipofikia. Hata uwe mwisho wa dunia, lazima urudi kwa mfalme yuleyule akuandikie. Nimepiga vitunguu na popo saa tatu, nimefika kiwango cha saba, narudi zangu ikulu, nimebakiza hatua kama kumi mlango. Umeme ukakata. Nilikaa gizani nimeshika kipanya. Mteja akasema, "Pole mzee, kumbe ulikuwa na kazi ya mtu?" Nikamwambia ndiyo, ya serikali.

Sasa hili la gesti. Dawa ya majani ni 24 na gesti ni 6, na zote zinarudisha uhai, kwa hiyo mwenye akili halambi dawa karibu na mji, anarudi analala. Siku moja nampigia mpwa simu namsimulia, sauti juu kwa furaha: "Leo nimelala gesti mara kumi na moja! Sita sita tu! Halafu yule binti nimempata, nimembeba mwenyewe mikononi, nilitaka kumwacha akakataa!"

Yote kweli tupu. Binti mfalme yuko pangoni, ukimkomboa anakuuliza kama utampeleka kwao, ukisema hapana anakwambia sharti umpeleke, halafu anauliza upya. Nilisema hapana mara tisa.

Nikageuka. Mama Zuhura kasimama mlangoni na hotpoti ya chakula.

"Baba Zuhura, sita ni elfu sita au laki sita?"

Nilimwonyesha kioo. Akamtazama yule binti, kamchoro kadogo kwenye mikono ya kamchoro kengine. Akasema, "Mimi hujanibeba tangu tuoane." Akaondoka na hotpoti.

Nilimaliza baada ya miezi miwili, tuseme nilimaliza. Nikamfikia mkubwa wa yale madudu, nina upanga wa maana. Kabla ya kupigana ananiuliza: ungana nami nikupe nusu ya dunia, ndiyo au hapana? Jamani. Mimi ni mpangaji. Kiwanja cha Chanika nimelipia mara mbili kwa madalali wawili na bado sina hati. Nikabonyeza ndiyo. Akauliza, kweli? Nikabonyeza tena ndiyo, kwa nguvu.

Maandishi yakawa mekundu, gemu limekufa. Nikampigia mpwa, "Nusu yangu iko wapi?"

"Mjomba, umesoma alichokupa? Ni nusu ya giza."