Waokoaji watangulie, wengine wasifungiwe

Mchana wa Julai 7, 2005, saa chache baada ya mabomu kulipuka kwenye treni na basi jijini London, polisi wa City of London waliitaka kampuni ya simu ya O2 iwafungie watu wa kawaida mtandao wa simu ndani ya kilomita moja kutoka kituo cha Aldgate. Wenye laini maalumu za waokoaji tu ndio waliobaki hewani. Kumbe kikao cha wakuu walioratibu uokoaji kilikuwa kimeshaamua jambo hilo lisifanyike, kwa kuhofia taharuki, na kwa sababu nyingine nzito zaidi: haikujulikana kama wanaozihitaji laini hizo ndio waliokuwa nazo mfukoni.

Sisemi kuwapa waokoaji kipaumbele mtandaoni ni kosa. Maafa yakitokea kila mtu hushika simu papo hapo, mnara wa simu huelemewa, na mhudumu wa gari la wagonjwa hujikuta foleni moja na anayetuma video. Mwaka 2018 zimamoto wa Santa Clara, California, walipunguziwa kasi ya intaneti na kampuni ya simu ya Verizon huku moto wa msituni wa Mendocino Complex ukiwaka, eti wamevuka kiwango cha kifurushi chao. Kifurushi!

Lakini anayetoa taarifa ya kwanza mara nyingi si mwokoaji. Ni aliyenasa chini ya kifusi, au jirani yake. Ukimfungia mtandao, zimamoto wanabaki na laini safi wasijue pa kwenda. Ndiyo maana naona kumtanguliza mtu kwenye foleni ni jambo moja, kuwafukuza waliomo ni jingine kabisa. Huduma ya Marekani ya kutanguliza simu za waokoaji, ambayo mtu hubonyeza nyota na 272 kabla ya namba, ilianza kwa njia ya kwanza: nafasi ikipatikana ni yako, aliye hewani hakatwi. FirstNet, mtandao wa simu wa waokoaji wa Marekani uliozaliwa na sheria ya 2012 na kukabidhiwa kampuni ya AT&T mwaka 2017, unaweza kuwaondoa wengine mtandaoni, ila simu za dharura za 911 haziguswi. Bila sharti hilo nisingeuunga mkono.

Linabaki suala la orodha ya watakaotangulizwa, na hapo ndipo penye vurugu, maana kila mwenye cheo atataka jina lake liwemo. Je, fundi wa umeme? Mnara uliozimika haumtangulizi yeyote. Mimi ningempa yeye laini kabla ya waziri.