Simba dume wa Nairobi akifukuzwa aende wapi?

Watu wa Nairobi tunapenda sana simba dume. Akitokea pale mbugani ako na manyoya meusi shingoni, magari yanajazana, simu zinatolewa, na jioni kila mtu ameposti "mfalme". Sawa, ni mnyama wa kupendeza hata mimi nasimama kumwangalia, lakini hii story ya ufalme imetufanya tusahau vile maisha yake yalivyo magumu.

Kwa simba wenye nyumba ni majike. Mama, dada, shangazi na binti, wamezaliwa hapo na wengi watazeekea hapo, wanawinda pamoja na hata wananyonyesheana watoto, unaeza kuona kadogo kamelala kwa tumbo la shangazi kananyonya na mama yake ako pale pembeni hana shida. Dume ni wa kuja. Anakuja na ndugu zake au rafiki aliokutana nao njiani, wanapigana na madume waliokuwepo, wakishinda wanakaa miaka kama miwili mitatu hivi halafu vijana wengine wenye nguvu wanakuja kuwatoa pia.

Na wakiingia tu wanaua watoto wadogo wa wale waliotoka. Inauma kusikia, lakini jike anayenyonyesha hapandwi, akipoteza watoto anakuwa tayari kupandwa tena haraka, na dume hana muda wa kungoja. Mimba ni siku kama 110 na mtoto anahitaji karibu miaka miwili ndio ajitegemee, so ukihesabu unaona dume akikaa muda mfupi sana watoto wake hawatoboi. Kwa hivyo mtu akiua dume mmoja kwa risasi au sumu hajaua mmoja, amefungulia mlango wageni na watoto wa lile kundi wako hatarini wote.

Kule Maasai Mara simba dume Scarface na wenzake Morani, Sikio na Hunter walishikilia miaka mingi kwa sababu walikuwa wanne, na Scarface akafa mwenyewe kwa uzee mwaka wa 2021 akiwa na miaka kama 14. Simba dume kufika umri huo huko porini ni nadra sana.

Sasa njoo huku kwetu. Mbuga ya Nairobi ni kilomita 117 tu za mraba, upande wa mji kuna fensi, upande wa kusini ng'ambo ya Mto Mbagathi ndio iko wazi. Kijana wa simba akifika miaka miwili mitatu baba zake hawamtaki tena, lazima atoke, na mlango wake ni huo huo wa Kitengela, Tuala, Isinya. Hajatoroka jamani! Ndivyo simba wanavyoishi, na hata mzee aliyepigwa akashindwa anapitia hapo hapo. Mohawk, dume wa mbuga hii, alikuwa na miaka 13 alipojikuta Isinya mwaka wa 2016, umati ukamzunguka, akajeruhi mtu, maafisa wa KWS, shirika la wanyamapori, wakampiga risasi wakamuua.

Kila mwaka huko kusini kunaongezeka ploti, ukuta wa mawe, waya, nyumba. Mimi silaumu mfugaji hata kidogo, mtu ameamka saa tisa usiku amekuta mbuzi wamelala chini na damu kila mahali, hiyo ilikuwa fees ya watoto. Pia yeye ndiye ameacha shamba lake bila fensi miaka hii yote. Richard Turere, kijana wa huko huko, alitengeneza taa za kumulikamulika kwa boma la baba yake akiwa bado mtoto, simba wakaogopa, na leo taa kama hizo ziko kwa maboma mengi.

Lakini taa inalinda mbuzi, haizuii mtu kuuza shamba. Mwaka wa 2000 kulianza mpango wa kulipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka wasiweke fensi, wazo zuri kabisa, ila leo pesa hiyo mbele ya broka wa ploti wa Kitengela ni nini? Ilipwe inayoeleweka, ilipwe kabla shule hazijafunguliwa, na itoke kwa hii gate tunayolipia tukiingia kupiga picha. Mwenye shamba asiyeweka fensi anafuga simba wetu bure.