Pembetatu ya jiko ilivyomfungia mke wangu ndani

Nyumba yetu ya Chanika tumeijenga miaka sita kwa hela za kuokoteza, sasa ilipofika zamu ya jiko nikasema hapa sibahatishi, hapa naenda kitaalamu. Nikakesha YouTube siku tatu nikakutana na kitu kinaitwa pembetatu ya jiko, yaani sinki, friji na jiko lenyewe vikae pembe tatu, kila upande uwe kati ya mita 1.2 na 2.7 na ukijumlisha zote isizidi mita 8, hapo mpishi hazunguki ovyo. Haya mambo waliyapigia hesabu Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani miaka ya 1940, na mi nikishasikia chuo kikuu bas, sikujiuliza kama huko Illinois kuna mtu anatoka kila dakika mbili kwenda uani kupepea mkaa.

Kwenye ramani jiko lilikuwa na mlango wa nyuma. Ule mlango ulinikera maana ulikaa palepale pembe yangu ya sinki inapotakiwa kukaa. Nikamwambia fundi ziba.

Fundi akaweka chepe chini. "Bosi, mlango wa jikoni hauzibwi. Mama akitaka kumwaga maji?"

"Si kuna sinki."

"Na mkaa ataupitishia wapi?"

Nikamwambia hatupikii mkaa sisi, tunapikia gesi. Akasema sawa bosi. Aliyewahi kujenga anaijua hiyo sawa.

Kabla hatujamwaga zege la kaunta nikanunua chaki, nikachora sakafuni pembetatu kubwa, kila kona nikaweka duara, halafu jioni mafundi wameshaondoka nikaanza majaribio. Nafungua friji ya hewani, natoa nyama ya hewani, hatua mbili naosha, hatua tatu nabandika, nakoroga, narudi, na hatua zote nahesabu kwa sauti ili nisipoteze. Kugeuka hivi, saidia fundi kasimama mlangoni, alisahau simu yake akaifuata. Akaniangalia mimi, akaangalia yale maduara, akaniangalia tena. Simu yenyewe hakuichukua. Kesho yake hakuja kazini, na keshokutwa fundi akaniambia kijana karudi kwao Kilosa, kaugua ghafla.

Lakini jiko lilitoka jamani, tusidanganyane. Kaunta ya zege sentimita 60 kwa 90, tailizi nyeupe, majirani walikuwa wanakuja kuomba maji ya kunywa ili tu walione.

Sasa Jumamosi ya kuleta friji. Mama mkwe naye yupo, kaja kuona nyumba. Friji ni ile ya milango miwili, na mahali itakapokaa nilishapima upana, nikapima kimo, nikapima hadi soketi iko umbali gani. Ambacho sikupima ni mlango wa kuipitishia.

Tukaiingiza kwa ubavu, mimi na vijana wawili wa kirikuu, mke wangu katangulia ndani anatuongoza, njooni, njooni, kidogo kushoto. Vile vishikio vya friji vikagusa fremu, kijana mmoja akasema we sukuma tu, tukasukuma, vikapita kwa mlio mbaya sana, friji ikaingia nusu ikagonga kaunta. Kugeuka haigeuki. Kurudi hairudi, vishikio vimejinasa nyuma ya fremu kama ndoano.

Kimyaaa. Halafu ikasikika sauti kutokea nyuma ya friji.

"Baba watoto."

"Naam."

"Mimi natokea wapi?"

Dirisha lina nondo, tena mwenyewe nilisimama juu ya fundi nikamwambia weka za milimita 12, wezi wa siku hizi wana nguvu. Mama mkwe akazunguka uani, nikamfuata. Akasimama pale ukutani, akapapasa plasta ambayo bado rangi yake ni tofauti na nyingine, akaniuliza kwa adabu zote, "Mkwe wangu, hapa si palikuwa na mlango?"

"Ulikuwepo mama."

"Ulienda wapi?"

Sasa nianzie wapi? Nianzie Illinois?

Vijana wa kirikuu wakadai hela yao wakaondoka, wana mzigo mwingine. Mama mkwe akavuta kiti akakaa chini ya dirisha anapiga stori na mwanae, akawa anampitishia chai na vipande vya chapati kwenye nondo, aliyepita njiani angesema kaenda kumuona mfungwa. Watoto wa jirani nao wakajaa. Mmoja akauliza mama huyu kafanya nini, nikamwambia nenda kwenu.

Nikampigia fundi. Akaja na bodaboda, akachungulia, hakucheka, na bora angecheka. "Vishikio viko upande wa shemeji? Bas leo fundi ni shemeji." Akapitisha bisibisi dirishani. Skrubu zilikuwa nne, tatu zikatoka vizuri, ya nne ikagoma akaigongagonga kwa mchi wa kinu hadi ikalegea. Jumla lilimchukua lisaa na nusu humo ndani, na friji ikarudi nyuma kirahisi kabisa. Hadi leo iko sebuleni pembeni ya tivii, wageni wanajifungulia wenyewe.

Tulidhani atatoka mbio. Hakutoka. Alichukua kile kipande changu cha chaki kilichobaki dirishani, akageukia ukuta, akachora mstatili kimo cha mtu, mstari ukapita juu ya tailizi, ukapita juu ya sinki, ukashuka hadi sakafuni, akamalizia na kitasa.

Fundi akautazama ule mchoro, akanigeukia. "Bosi, Jumatatu nije na nyundo?"

Nikamwambia sawa fundi.